Kamba ya Mzee Masanja na Mstari Uliopanda

Mwalimu wenu wa pale Rusimbi amenitumia ujumbe mara tatu, anataka niwaandikie "neno la hamasa" ninyi mnaofundishwa kuuza vitu mtandaoni. Hamasa sina. Niliacha biashara mwaka jana kwa ajili ya magoti, na macho nayo yalishaanza kugomea maandishi madogo ya simu. Nilicho nacho ni makosa yangu mwenyewe na hasira kidogo, na hayo ndiyo nitakayowapa. Asiyetaka aishie hapa, akaendelee kutazama video za vijana waliojiegemeza kwenye magari ya kukodi.

Mnachofundishwa nakijua, maana nimelishika daftari la mmoja wenu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: tafuta soko dogo lenye faida. Wa pili: angalia neno linalotafutwa sana mtandaoni. Wa tatu kuna mstari umechorwa kwa rula, unapanda kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu, na pembeni mwenye daftari kachora noti zenye mabawa. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mstari huo mimi niliufuata wakati ninyi mnajifunza kufunga kamba za viatu, na uliharibu kazi ya mwanamke mmoja wa Bangwe ambaye hakuwa amenikosea kitu.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Zuhura, mzaliwa wa Ujiji. Kabla ya kuuza chochote mtandaoni nilikuwa na intaneti kafe pale Mwanga: chumba kimoja, kompyuta nne, jenereta nje, na feni iliyokuwa ikigeuka kama imelazimishwa. Siku hizo simu za kuperuzi walikuwa nazo wachache. Mtu anaingia, anakaa, anatazama kibodi, kisha ananiita: "Mama, hebu niandikie." Namwandikia. Matokeo ya mitihani, nafasi za kazi, dawa ya mgongo, namna ya kumrudisha mume. Kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa vidole vya mji huu, na kila shida ya watu ilipita kwangu ikielekea kwenye skrini.

Na mimi, kwa akili zangu, nikaziacha zote zipite. Sikuandika hata moja. Mama yangu mkubwa, Bi Mwamini, aliyeuza mawese sokoni Ujiji hadi alipofariki, alinishangaa. Alikuja siku moja kunitembelea kafe, akakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, halafu akaniuliza: "Watu wanakuja kukwambia wanachotaka, wanakulipa kabisa, na wewe huweki hata alama ukutani?" Nikamwambia mambo ya intaneti hayaendi hivyo. Akafungua chupa yake ya chai.

Bi Mwamini hakujua kusoma, lakini alikuwa na kipimo chake. Anayeuliza bei ya mawese huku mikono ameificha nyuma, alikuwa hamwangalii mara mbili. Anayefungua kifuniko, akanusa, akachovya kidole, huyo ndiye aliyemtolea kigoda akae. Mtamwona ni bibi wa sokoni tu. Mimi pia ndivyo nilivyomwona, na ilinichukua miaka mingi kujua kwamba alikuwa amenizidi elimu.

Mambo ya kuuza mtandaoni niliyaanza na hayo hayo mawese. Nilijaza chupa mpaka shingoni ili mteja asiseme nimempunja, nikazipakia kwenye basi la Dar es Salaam. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mawese yakipata joto la buti la basi yanavimba na kusukuma vifuniko. Zile chupa zililia njia nzima, na yaliyovuja yakaingia kwenye begi la bwana harusi mtarajiwa, ndani ya suti nyeupe. Alinipigia simu kutoka Morogoro, na sitaandika alichosema. Tangu siku hiyo naacha vidole viwili vya nafasi kwenye kila chupa na kukifunga kifuniko kwa selotepu raundi tatu. Hilo moja lina maana kuliko daftari lenu zima.

Halafu zikaja zile siku za mayai ya kware. Wakubwa wenu wanazikumbuka. Nchi nzima ilikuwa inatafuta mayai ya kware, eti yanatibu kila kitu. Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, akaambiwa soko limewaka, akauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo, akanunua kware. Kufikia kware walipoanza kutaga, watu walishasahau kama kuna ndege anaitwa hivyo. Familia yake ilikula kware kwa ugali mpaka watoto wakawa wanaomba mchicha. Nilimcheka huyo fundi hadharani, kwenye baraza yake mwenyewe, na alikuwa ananikaribisha chai.

Basi kumbukeni kwamba nilimcheka, kwa sababu kinachofuata ni zamu yangu.

Alikuja Mtaalamu kutoka Dar. Jina lake nimelisahau na sitaki kulikumbuka. Alikuwa na shati la kubana na kalamu ya kumulika ukutani. Semina ya siku mbili, ukumbi wa hoteli, chai na sambusa. Akatufundisha kuufungua ule ukurasa unaoonyesha neno fulani limetafutwa kwa wingi gani, wiki hadi wiki. Akasema soko ni mstari unaopanda. Akasema tena: takwimu hazidanganyi. Alisema hivyo mara nyingi, na kila akisema alikuwa anatutazama kama tunaotaka kumbishia. Hakuna aliyebisha. Tulikuwa tunangoja sambusa.

Wiki chache baadaye ndipo Warundi walipovuka, wakikimbia machafuko ya kwao. Walivuka tena, niseme, maana sisi wa ziwani tumeshapokea watu wa kila upande, wengine wakarudi kwao na wengine wakawa majirani zetu. Safari hii walikuja wengi kwa mpigo. Meli ilikuwa inawaleta kutoka vijiji vya kaskazini, wanashuka na vyungu na magodoro, wanangoja mabasi ya kuwapeleka kambini. Mji ukajaa magari yenye antena ndefu na watu wa mashirika wenye vizibao. Kafe yangu, ambayo ilikuwa inakufa kwa sababu ya simu, ikafufuka. Waandishi wa habari walikuwa wanapanga foleni kwenye viti vyangu vinne.

Siku moja nilipopata nafasi nikaufungua ule ukurasa wa Mtaalamu. Nikaandika "Kigoma". Mstari ulikuwa umelala chini kwa miezi na miezi, halafu ghafla umeinuka ukagusa juu kabisa. Nikaandika "dagaa wa Kigoma". Nao umeinuka, hivyo hivyo. Nikaona sasa mambo yamejipa. Nchi nzima inatuwaza sisi na dagaa wetu, na mimi ndiye pekee mjini ninayejua. Nilifunga kafe mapema siku hiyo nikaenda Bangwe.

Kule Bangwe alikuwako Mama Bahati. Wazazi wake walivuka kutoka upande wa Kongo kabla hajazaliwa, naye alikulia hapo hapo ufukweni. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Bahati, wa shule ya msingi. Alikuwa na vichanja vinne vya kuanikia dagaa, vya wavu uliotandikwa juu ya nguzo, wakati wenzake wengi walikuwa wanaanika mchangani. Dagaa wake walikuwa wasafi, weupe, ukiwabana wanavunjika kwa sauti. Tulifahamiana tangu ujana wetu.

Kuna desturi pale ufukweni lazima muijue, la sivyo hamtaelewa nilichofanya. Wavuvi wetu hawaendi ziwani wakati wa mbalamwezi, kwa sababu taa hazivuti dagaa mwezi ukiwa umewaka. Kwa hiyo dagaa hupatikana wakati wa giza, na kila giza likiisha wanunuzi wa mbali wanakuja. Mnunuzi akishakubaliana na mwanamke mwenye vichanja, anafunga kipande cha kamba ya katani kwenye nguzo ya pembeni. Kamba hiyo inakaa hapo hapo, mwezi hadi mwezi. Maana yake ni kwamba dagaa wa hapo wana mwenyewe, na hakuna mnunuzi mwingine atakayeuliza bei. Mwanamke naye hamnyimi mwenye kamba. Akimnyima mara moja, mnunuzi anaifungua kamba yake na anakuwa huru, na akishaifunga kwingine harudi, kwa sababu kumrudisha ni kumwibia jirani.

Nguzo ya Mama Bahati ilikuwa na kamba ya Mzee Masanja wa Tabora. Alikuwa anakuja na treni kila giza, miaka kumi na moja bila kukosa, hata mwaka ambao mume wa Mama Bahati alifariki. Kwa kamba hiyo Bahati alikuwa anavaa sare na anakula. Mimi nilikuwa naijua kamba hiyo vizuri, na ndiyo maana sina pa kujitetea.

Nikamfungulia Mama Bahati kompyuta yangu ya mkononi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Ona," nikamwambia. "Nchi nzima inatafuta dagaa wetu."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akainama. "Hii kilima yote ni batu?"

"Ni watu."

"Bangapi?"

Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema sijui. Nikatazama pembeni mwa mstari, pale juu palikuwa pameandikwa mia. "Mia," nikasema.

Ninyi mnaofundishwa Rusimbi, naomba mnisikilize hapa. Ile mia si watu. Ile mia ni kilele tu, siku ambayo neno hilo lilitafutwa kuliko siku zake nyingine. Kama jana walilitafuta watu watatu na leo sita, leo itaandikwa mia na jana hamsini, na mstari utapanda kwa madaha. Mtaalamu hakutuambia, au alituambia wakati sambusa zinapita. Mimi nilimwambia Mama Bahati mia, naye akahesabu mia, watu wa kweli wenye njaa, wamesimama ufukweni na ndoo.

"Batu mia," akasema taratibu, "miye nitabapa nini? Vichanja vinne havitoshi."

"Basi giza hili usimuuzie Masanja. Waweke wote."

"Mama Zuhura, una hakika?"

"Takwimu hazidanganyi," nikamwambia. Niliyasema kwa mdomo wangu huu.

Mzee Masanja alipofika nilikuwapo, nimeshika simu nawapiga dagaa picha. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya kufuma. Akasalimia kwa salamu ya huku, "Mwakeye, mama," kama alivyozoea, kisha akaokota dagaa wawili watatu akawavunja karibu na sikio.

"Safari hii sina, baba," Mama Bahati akamwambia.

Mzee akavitazama vichanja vinne vilivyojaa. "Na hawa?"

"Hawa wana wenyewe."

"Wenyewe wako wapi?"

Mama Bahati akanigeukia. "Wako mtandaoni, mzee," nikasema mimi.

Hakubishana. Aliweka magunia yake chini, akaenda kwenye nguzo, akaanza kuifungua ile kamba. Ilikuwa imekaa sana, fundo limekaza, ikamchukua muda. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaaga vizuri, akaenda kichanja cha mama wa jirani. Nilipogeuka, Mama Bahati alikuwa bado anaitazama nguzo.

Sasa ngoja niwaambie jinsi nilivyowahifadhi hao dagaa. Mama Bahati alitaka kuwatia kwenye magunia kama kawaida, wapumue. Mimi nikakataa. Nikanunua mifuko ya plastiki inayong'aa, ili wapendeze kwenye picha. "Watatoka jasho," akaniambia. Nikamjibu kwamba wateja wa mjini wanapenda kuona wanachonunua. Mwanamke aliyeanika dagaa tangu hajaolewa, namfundisha mimi, mtu wa kompyuta nne.

Nikatangaza kwenye kila kundi la mtandaoni nililokuwemo. Simu ikaanza kulia. Mmoja akauliza: "Habari za huko, hali ikoje?" Nikamjibu hali ni nzuri na dagaa wapo. Mwingine: "Hao dagaa wamevuliwa upande gani wa ziwa?" Nikamwelekeza. Mwingine akauliza kama ni kweli kuna kipindupindu kwa hao waliovuka. Nikamwambia habari za mashirika waulizwe mashirika, mimi nauza dagaa. Siku zikapita, maswali yanaingia kila saa, na oda hakuna hata moja. Nikajipa moyo kwamba wanajipanga.

Mvua za mwisho za masika zikashuka. Halafu dada mmoja wa Dodoma, mtu mstaarabu, akaniandikia: "Samahani dada, mimi sinunui. Nilitaka tu kujua kama hawa dagaa wa Kigoma nilionao ndani nile au nimwage."

Nilisoma ujumbe huo mara mbili. Kisha nikaufungua tena ule ukurasa, nikaushusha chini ya mstari, kitu ambacho sikuwahi kukifanya hata mara moja. Chini kabisa walikuwa wameorodhesha maneno ambayo watu hao hao walikuwa wanayatafuta pamoja na lile la kwanza. Dagaa wa Kigoma kipindupindu. Dagaa wa Kigoma madhara. Kigoma wakimbizi. Kigoma picha. Yalikuwapo pale tangu siku ya kwanza. Watu hawakuwa wanatutamani, walikuwa wanatuogopa. Dagaa wenyewe hawakuwa na kosa lolote, jua lilikuwa limewakausha vizuri, lakini hofu haingoji maelezo. Na wale waliokuwa wanaandika "Kigoma" usiku na mchana, sehemu yao walikuwa waandishi waliokaa kwenye viti vyangu mwenyewe. Nilikuwa nimesaidia kuupandisha mstari ulionidanganya.

Kwa nini sikushuka chini? Nimejiuliza sana. Intaneti ilikuwa nzito, ni kweli. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilishaona nilichotaka kuona. Mstari ukipanda mbele ya mtu mwenye tamaa, haendelei kusoma. Ninyi nyote mna ugonjwa huo, msinitazame.

Nikaenda Bangwe. Mama Bahati alikuwa ameshaifungua mifuko na kumwaga dagaa kwenye mkeka. Zaidi ya nusu walikuwa wameota ukungu, wananuka. Hakunipigia kelele. Alikuwa anachambua, wazima huku, walioharibika kule, na Bahati alikuwa kando yake na sare ya shule anamsaidia. Nikachuchumaa nichambue nami. Akanisogezea rundo langu bila kunitazama, na niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafumba macho.

Giza lililofuata Mzee Masanja alikuja. Akapita mbele ya vichanja vya Mama Bahati, akamsalimia kwa heshima zote, akauliza hali ya mtoto, akaenda kwa jirani, kwenye nguzo aliyoifunga kamba yake. Nilimkimbilia stesheni nikamwambia kosa lilikuwa langu.

"Mama, mimi sina hasira," akanijibu. "Lakini Tabora nina watu wananingoja treni ikifika. Miaka yote hii sikuwahi kuwaza kwamba nitafika nikose. Sasa nawaza." Akaniaga, akapanda behewa.

Wale dagaa wazima nilijitwika kuwatafutia mnunuzi mwenyewe. Gunia moja nikaliweka kafe, kwenye kona. Akaingia mama mmoja wa Kirundi, kitenge kimefifia, anataka nimwandikie ujumbe kwa kaka yake. Nilipomaliza hakuondoka. Alikwenda kwenye kona, akafungua mdomo wa gunia, akachukua dagaa mmoja akamnusa, akamtafuna, akafumba macho.

"Hizi ndagala munauza?" akauliza.

Nilimkumbuka Bi Mwamini hapo hapo, nikamtolea kiti. Huyo mama hakuwa na simu. Hakuwa ametafuta neno lolote popote. Hakuwa kwenye mstari wowote wa Mtaalamu. Walikuwa wanakula maharage na unga wa msaada siku zote hizo, na walikuwa watu wa ziwa kama sisi. Tulipeleka gunia hilo na mengine pale walipokuwa wanangojea mabasi, Mama Bahati akawa anapima kwa kikombe, kwa bei ya chini sana. Kwa mama mzee mmoja alijaza kikombe mara mbili na pesa hakupokea. Nikamtazama. "Mama yangu alifika hivi hivi," akasema, akaendelea kupima.

Hiyo ilimwokoa na njaa ya mwezi huo tu. Mabasi yaliondoka, na nguzo yake ikabaki bila kamba.

Tangu hapo nilinunua daftari. Kila swali la kila mteja nililiandika, na kila neno nililolipata kwenye ule ukurasa nililisoma mpaka chini kabisa, halafu nikalitazama kwa miaka mitano badala ya mwezi mmoja. Nikaona maneno yanayopanda kwa kishindo yanashuka hivyo hivyo, kama wale kware. Na nikaona swali moja dogo, mstari wake umelala kama barabara ya reli, haupandi wala haushuki: namna ya kuondoa mchanga kwenye dagaa. Kila wiki, mwaka nenda mwaka rudi, kuna mtu mahali fulani alikuwa anatafuna mchanga na kuuliza afanyeje. Kijana wa semina hawezi kuuangalia mstari kama huo. Hauna mbwembwe. Lakini huyo anayeuliza ameshanunua dagaa, ameshawapika, na mchanga bado uko menoni mwake.

Mama Bahati alikuwa na vichanja. Dagaa wake hawakuwa wamegusa mchanga maisha yao yote.

Nilimfuata, akanikatalia. Nikamfuata tena baada ya miezi miwili, akanikatalia. Mara ya tatu akaniwekea sharti: haaniki hata mmoja kwa ajili yangu mpaka asikie sauti ya anayemtaka. Kila aliyetaka ilibidi nimpigie, Mama Bahati aweke sikio, mtu aseme jina lake na anataka ndoo ngapi. Wateja wengine walicheka, lakini walisema. Ndivyo tulivyouza dagaa wasio na mchanga kwa miaka, ndani ya magunia madogo, vichwa vimeondolewa. Mnaniita mama wa mtandao kwa sababu ya biashara hiyo. Masoko yake yote yalipita kwenye sikio la mwanamke ambaye hajawahi kuandika barua pepe.

Tulipata riziki, sikatai. Lakini wateja wa mtandaoni wanakuja na kuondoka, mmoja anahama, mwingine anabadili namba. Mwenye kamba alikuwa mmoja.

Juma lililopita nilikuwa nimekaa uani nachambua mchele, Bahati akaingia. Ni msichana mkubwa sasa, yuko kwenye darasa lenu hapo Rusimbi, na lile daftari lenye noti za mabawa ni lake. Akaniamkia, nikaitika. Akatoa simu, akanionyesha mstari: mafuta ya mawese kwa ajili ya nywele. Unapanda. Anataka ang'oe vichanja viwili vya mama yake ajenge banda la kuchujia.

"Mama yako anasemaje?"

"Anasema hang'oi hata nguzo moja mpaka nije kwako kwanza."

"Kwa nini kwangu?"

Akatazama chini. "Anasema wewe ndiye uliyemwambia ni watu mia."

Niliuchukua mkono wake ulioshika simu, nikamwambia ashushe chini, asome yaliyoko chini ya mstari kwa sauti, yote. Akasoma. Mengi yalikuwa ni ya video moja ya msanii mmoja. Kisha nikamwambia aweke simu mkobani, nikachukua fimbo yangu, tukaenda Bangwe.

Mama Bahati alikuwa anageuza dagaa. Nilimpeleka Bahati kwenye nguzo ya pembeni. Mti umekuwa mweusi kwa miaka, lakini pale kamba ilipokaa pana mfereji, umelika, ukipitisha kidole unauhisi. Nikamwambia aupitishe. Nikamweleza yote haya, mbele ya mama yake, na sikuruka sehemu yangu.

Kidole cha Bahati kilikuwa bado kwenye mfereji. Halafu akamgeukia mama yake. "Hakurudi kuifunga kabisa?"

"Kila giza anapita hapa," Mama Bahati akasema. "Ananisalimia vizuri sana." Akaendelea kugeuza dagaa.